Kilima hakihami: Ukiona moshi msituni, geuza njia

Je, msomaji, umewahi kupanga safari ya kupanda mlima kwa wiki nzima, ukatafuta viatu, ukawaaga majirani, kisha siku yenyewe ilipofika ukaona moshi ukipanda kutoka msitu wa jirani? Ungefanyaje? Ungeendelea kwa kuwa nauli imekwisha kulipwa na siku ya mapumziko ni moja tu? Au ungegeuza njia na kurudi nyumbani na mandazi yako mkobani?

Usijibu haraka. Tukiwa sebuleni, wengi wetu huona jibu ni rahisi. Lakini miguu ikishaanza kupanda na kilele kikishaonekana, akili hubadilika. Nayajua haya kwa sababu yalinipata mimi mwenyewe, na nusura niwe miongoni mwa wale tunaowalaumu kila mwaka misitu inapoteketea.

Asubuhi moja Soin

Nilikuwa nimekwenda Soin, katika Kaunti ya Kericho, kumtembelea shangazi yangu. Ulikuwa mwezi wa Februari. Ikiwa hujafika huko, usije ukadhani kwamba kila pembe ya Kericho ni baridi, mvua na majani chai. Majani chai yako juu, kuanzia kando ya mji wa Kericho hadi Bomet. Soin iko chini, na jina lenyewe katika lugha ya Wakipsigis lina maana ya nchi ya chini yenye joto. Huku utakuta miwa, mahindi na mbuzi. Upande wa kaskazini unaiona milima ya Tinderet, na upande wa mashariki nchi hupanda polepole hadi kwenye mashamba ya chai, na mbele yake msitu wa Mau.

Tulikuwa watu sita. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Walikuwamo binamu zangu wawili wanaosoma chuoni, marafiki zao wawili waliokuja kutoka Nairobi, na mpwa wangu wa miaka 12. Tulikusudia kupanda kilima kimoja chenye miamba mizuri upande wa juu, mahali ambapo kijana mwenye nguvu anaweza kujaribu mikono yake bila kuhitaji kamba.

Tulifika chini ya kilima mapema. Mmoja wa wageni akashikilia kwamba chai ya safari sharti ichemshwe papo hapo, kwa kuni. Sikuona ubaya. Tukapanga mafiga matatu, tukateleka sufuria, tukanywa, tukacheka. Kisha tukavuta mikoba mgongoni tukaanza kupanda.

Ilipotimu saa nne hivi, tukauona moshi. Ulikuwa mbali kidogo, umetanda juu ya msitu ng'ambo ya bonde. Vijana hawakujali. "Ni miwa tu hiyo," akasema mmoja. Na hapo ndipo penye mtego wa nchi kama Soin. Mwezi wa Februari kila mtu anachoma kitu: huyu anachoma shamba la miwa kabla ya kukata, yule anachoma vichaka ili alime kabla ya mvua za masika. Mtu huzoea moshi hata akaacha kuuona.

Mbele kidogo tukamkuta mzee mmoja akichunga mbuzi. "Chamgei, mzee," tukamsalimu. "Chamgei mising, watoto wangu," akaitikia. Akatuuliza tunakokwenda. Tulipomwonyesha kilele, akatikisa kichwa.

"Huo si moshi wa miwa," akasema. "Wa miwa huja mweusi, na kabla hujamaliza kuwafunga ndama umekwisha. Huu umelala hapo tangu jana jioni. Na upepo wa mchana bado haujaamka."

Tukatazamana. Binamu yangu akasema moto uko mbali, tena kuna bonde katikati. Mgeni mmoja akasema amepanda Longonot mara tatu na hawezi kutishwa na moshi. Mwingine akasema maneno ambayo nadhani umewahi kuyasikia: "Kila mtu ni mtu mzima. Anayetaka kurudi arudi, anayetaka kupanda apande."

Maneno hayo yanavutia. Lakini nilimtazama mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, nikajiuliza: je, huyu naye ni mtu mzima? Na ikiwa wawili watapanda na moshi uwafunike, ni nani atakayekwenda kuwatafuta? Si sisi. Ni mzee huyu na majirani zake, ambao wakati huo walikuwa wakihitajika kwingine. Nikasema tunarudi wote. Walinung'unika, lakini wakageuka.

Tulichokikuta chini

Njiani tuliwalaumu sana watu waliowasha ule moto. Tukawaita wajinga, wavivu, watu wasio na uzalendo. Tulikuwa bado tunayasema hayo tulipokaribia mahali tulipopikia chai. Mpwa wangu ndiye aliyeona kwanza. "Mjomba," akaniambia, "mbona pale kwetu panatoka moshi?"

Tulikimbia. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemwagia maji yale majivu. Tulikuwa tumeyafukia kwa mchanga kidogo kwa kiatu, tukajiambia yatosha. Kumbe chini ya mchanga kaa lilikuwa likiishi. Upepo ulikuwa umeanza kuamka, ukaupeperusha mchanga, na ukingo wa nyasi kavu, upana wa mkeka, ulikuwa tayari umegeuka mweusi huku ndimi ndogo za moto zikitambaa kuelekea mlimani. Kule kule tulikotaka kwenda.

Tuliuzima kwa matawi mabichi na maji yetu yote ya kunywa. Ilituchukua kama dakika kumi. Fikiri, msomaji: lau tungelishika shauri letu la kwanza, saa hiyo tungekuwa juu ya miamba na moto wetu wenyewe ukipanda kutufuata. Na jioni yake, watu wangekuwa wakiuliza ni mjinga gani aliyewasha.

Kikombe cha chai na Kilimanjaro

Usidhani kwamba mambo haya hutokea kwa watalii wachanga tu. Jumapili tarehe 11 Oktoba 2020, moto ulizuka katika Mlima Kilimanjaro, mahali paitwapo Whona, ambapo wapandaji hupumzika wanapotoka kituo cha Mandara kwenda Horombo. Kwa mujibu wa taarifa ya awali ya Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania, TANAPA, moto huo ulitokana na wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha wageni.

Ilikuwa ni nyasi na vichaka vikavu, na upepo ulikuwa mkali. Usiku wakazi wa mji wa Moshi waliweza kuziona ndimi za moto mlimani. Watu zaidi ya 500 walipanda kuuzima, wakiwamo askari wa hifadhi, wanavijiji na wanafunzi wa Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori cha Mweka. Wengi wao walipigana kwa mapanga na matawi ya miti, mahali ambapo hewa ni nyepesi hata kutembea ni kazi. Kazi hiyo iliendelea kwa zaidi ya wiki moja, na takriban kilomita za mraba 95 za mimea ziliungua. Miaka miwili baadaye, Oktoba 2022, mlima huo huo uliwaka tena, safari hii karibu na kituo cha Karanga, kwenye kimo cha kama mita 4,000.

Sasa tujiulize kwa haki. Katika moto wa 2020, ni nani wa kulaumiwa? Ni rahisi kumnyoshea kidole mpagazi. Lakini mpagazi hapashi chakula kwa starehe yake. Anapasha kwa sababu kuna mgeni atakayefika amechoka, akitaka kitu cha moto. Na mgeni yule hajui, wala haulizi, jiko limewekwa wapi na majivu yametupwa wapi. Waama, mara nyingi mkono mmoja ndio unaowasha kiberiti, lakini midomo iliyoagiza chai ni mingi. Hata kule Soin, si mimi niliyewasha zile kuni. Mimi ni yule mkubwa aliyekunywa, akaondoka bila kuuliza.

Hapa kwetu Kenya pia tumeonja. Machi 2009 moto uliteketeza sehemu ya Hifadhi ya Longonot, mlima ambao familia nyingi za Nairobi na Nakuru hupenda kuupanda. Mwaka huo huo misitu ya Mau nayo iliwaka. Machi 2012 uliwaka Mlima Kenya, na Februari 2022 ikawa zamu ya Aberdare. Utaona kwamba miezi hiyo ni ya Februari na Machi, kabla ya mvua ndefu. Ndiyo miezi ile ile ambayo anga huwa safi na vijana huona ni wakati mzuri wa kupanda.

Moto unapanda kuliko wewe

Pengine utasema, "Mimi ni mwepesi, nitaukimbia." Hebu tulichunguze jambo hili kidogo.

Moto ukiwa kwenye tambarare hutembea. Ukiwa kwenye mteremko, hupanda mbio. Ndimi zake huinama kuelekea nyasi za juu, huzikausha kabla ya kuzifikia, na zikifikiwa huwaka mara moja. Wazima moto wana kipimo chao: kila mteremko unapoongezeka kwa nyuzi 10, kasi ya moto huongezeka karibu maradufu. Wewe nawe ni kinyume chake. Kadiri mteremko unavyokuwa mkali, ndivyo unavyozidi kupunguza mwendo na kuhema.

Aidha, mchana jua linapopasha miteremko, hewa hupanda kutoka bondeni kwenda kileleni. Huo ndio upepo wa mchana aliousema yule mzee. Moto uliolala asubuhi huamka saa sita. Usiku hewa hugeuka ikashuka, na moto nao hupoa. Kwa hiyo anayeona moto "umetulia" saa tatu asubuhi na akaanza kupanda, huenda akawa katikati ya mlima saa ile moto unapopata nguvu.

Makorongo nayo ni hatari kubwa. Ukikimbilia korongo ukidhani umejificha, jua kwamba umeingia ndani ya bomba la moshi. Joto na gesi hupitia humo kwa kasi. Na wengi wanaokufa katika moto hawaunguzwi kwanza. Huuawa na moshi. Kitambaa chenye maji puani kinaweza kupunguza chembe za majivu, lakini hakizuii gesi yenye sumu.

Si miti tu inayoungua

Kuna jambo jingine ambalo sisi watu wa mjini hulisahau. Ukifungua mfereji Kisumu au Kericho, hukumbuki msitu.

Andreas Hemp, mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani aliyeuchunguza Mlima Kilimanjaro kwa miaka mingi, alieleza mwaka 2005 jambo la kushangaza. Watu wote hulia kwamba barafu ya mlima inayeyuka. Lakini yeye alionyesha kwamba hasara ya maji inayoletwa na moto ni kubwa kuliko ile ya barafu. Sababu ni kwamba miti ya sehemu za juu hunasa ukungu, na matone yake hudondoka ardhini na kulisha mito. Moto unapoila miti hiyo, mpaka wa msitu hushuka, na ukungu hupita bila wa kuukamata.

Mambo ni hayo hayo huku kwetu. Mto Nyando, unaoteremka kupitia nchi za chini hadi Ziwa Victoria, hupata maji yake kutoka milima ya Nandi na Tinderet na kingo za Mau. Mto Sondu nao hutoka katika msitu wa Mau Kusini-Magharibi, na maji yake huendesha mitambo ya umeme ya Sondu-Miriu. Chai yenyewe hutegemea ukungu na mvua ambazo msitu huzisaidia kuja. Kwa hiyo kaa moja lililoachwa kwenye kilima linaweza kumdai mtu ambaye hajawahi kukiona kilima hicho.

Tena sheria ipo. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 inakataza mtu kuwasha moto ndani ya msitu wa serikali bila idhini. Lakini askari wa misitu hawezi kusimama nyuma ya kila sufuria. Hapo dhamiri yako ndiyo askari.

Ufanye nini?

Kama wewe ni mzazi, mwalimu wa chama cha wanafunzi au kijana unayependa milima, yaweke haya akilini kabla ya safari yako ijayo.

Kwanza, uliza kabla ya kutoka nyumbani. Mpigie simu mwenyeji, ofisi ya misitu au ya hifadhi, uulize kama kuna moto. Ukifika, muulize mchungaji au mwenye duka. Hao wanaujua moshi wao.

Pili, kubalianeni chini, si juu. Kabla ya kuanza kupanda, semeni wazi: tukiona moshi, tunageuka sote, na neno la yule anayetaka kurudi ndilo litakalofuatwa. Mkingoja mpaka mfike karibu na kilele, tamaa ndiyo itakayopiga kura.

Tatu, beba chai yako ndani ya chupa ya chai. Itakaa moto mpaka adhuhuri. Ikiwa ni lazima kuwasha moto mahali panaporuhusiwa, basi mwagia maji, koroga, mwagia tena, kisha sogeza mgongo wa mkono karibu na majivu. Ukisikia joto, bado hujazima. Mchanga peke yake hautoshi, kwani kaa na mizizi huweza kuwaka polepole chini kwa saa nyingi.

Nne, ukiona moto, piga simu 999 au 112, au mwarifu chifu na askari wa misitu. Sema mahali kwa alama zinazojulikana: mto, shule, kiwanda cha chai. Usidhani mwingine amekwisha kupiga.

Tano, ukinaswa, usipande. Shuka kwa upande ulio mbali na moto, ukiepuka makorongo. Tafuta mahali pasipo na cha kuungua: mwamba mtupu, barabara pana, shamba lililolimwa, au sehemu iliyokwisha kuungua na kupoa. Katika nchi ya Kericho, shamba la chai lenye majani mabichi halishiki moto upesi kama nyasi kavu. Vaa nguo za pamba au sufu, kwani nailoni huyeyuka ikagandamana na ngozi.

Sita, usiende kutazama moto kama sinema. Kila gari linaloegeshwa kwenye kijia cha msitu ni kizuizi, na kila mtazamaji anayepotea katika moshi huwaondoa watu kumi kwenye kazi ya kuzima.

Je, tulipoteza siku?

Ule moto wa ng'ambo ya bonde ulizimwa siku ya pili. Wanaume na vijana wa pale walikwenda na mapanga na matawi, nasi tukasaidia kubeba madumu ya maji hadi mwisho wa barabara, maana zaidi ya hapo tungekuwa mzigo. Moto haukuvuka bonde. Kilima chetu hakikuguswa.

Jioni, tukiwa kwa shangazi, yule mgeni wa Longonot akasema, "Mwaona? Tungeweza kupanda, na hakuna ambalo lingetokea."

Shangazi, ambaye alikuwa akimimina chai, ndiye aliyemjibu. "Mwanangu, na ule moto wenu mlioukuta chini, nao ungesema hakuna lililotokea?"

Kijana alinyamaza. Nami nilinyamaza, kwa kuwa swali lile lilinihusu zaidi kuliko yeye. Hekima ya kugeuka haipimwi kwa yaliyotokea baadaye. Hupimwa kwa yale uliyoyajua saa ile, na kwa watu ambao wangelipa kama ungekosea. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na mjukuu huyo huja akiwa amechelewa.

Tulirudi kule mwezi wa Juni, nyasi zikiwa zimechipuka baada ya mvua. Vijana walipanda miamba mpaka wakachoka. Mpwa wangu ndiye aliyebeba chupa ya chai, na hakumruhusu mtu mwingine kuishika. Kilima tulikikuta pale pale tulipokiacha.